Mkeka Chini ya Pikapu

Kwa miezi mitatu, kila baada ya sala ya Ishaa, baraza yetu ya Shella iligeuka bunge la pikapu. (Nasema Shella ya Malindi, wasije watu wa Lamu wakadhani nimewapelekea magari kwenye mchanga wao.) Hoja ilikuwa moja tu: ninunue Toyota Hilux au Isuzu D-Max? Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa upande wa Hilux na hakutaka kusikia lingine. Ami yangu, ambaye hajapata kumiliki chombo chenye magurudumu zaidi ya mkokoteni wa nazi, ndiye aliyejiteua mwamuzi. Kila tulipofika saa nne usiku bila kuelewana, alikaza kikoi chake, akasimama, akasema, "Mwanangu, mchagua nazi hupata koroma," akaenda zake kulala.

Kazi yangu ni pampu za maji. Hapa mjini tunakunywa maji ya Baricho, yanayovutwa kando ya mto Sabaki, lakini huko ndani ya Magarini watu wengi hutegemea visima virefu, na pampu ikifa kijiji kizima kinanipigia simu mimi. Zamani pampu nyingi ziliendeshwa kwa jenereta; siku hizi ni paneli za jua. Kwa hiyo mzigo wangu ni mabomba ya mita sita, pampu, nyaya, paneli zilizofungwa kwa magodoro ya zamani zisipasuke, na vijana wawili wenye midomo isiyopumzika.

Lami naifaidi kidogo: Mambrui, Gongoni, hadi Marereni. Nikiiacha kuelekea Marafa au Adu ni mchanga mwekundu, ambao wakati wa kiangazi ni unga na mvua ikinyesha ni sabuni. Nikivuka kwenda upande wa Garsen, kwenye uwanda wa mto Tana, udongo ni mweusi na wa kunata. Unajaa kwenye mifereji ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama andazi. Na kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa adui hana hata sauti. Ni hewa yenyewe.

Pikapu yangu ya zamani sitaitaja jina, maana haikuwa na kosa zaidi ya uzee. Niliinunua mtumba nikaiendesha miaka 11. Mwisho wake ulianza katika zile mvua za El Niño za mwaka 2023, kwenye laga moja, mto wa msimu, nyuma ya Marafa. Maji hayakuwa mengi, yalifika juu kidogo ya kifundo cha mguu, na mimi nikayadharau. Katikati ya laga kisiki kilichofichwa na matope kikatoboa tairi la nyuma. Nikasema si neno, nina tairi la akiba.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia. Tairi la akiba la pikapu nyingi huning'inizwa chini ya bodi, nyuma, kwa mnyororo unaoshushwa kwa mpini mrefu. Safi kabisa ukiwa mbele ya duka. Lakini gari likiwa limebeba mzigo na limekaa kitako mchangani, tairi la akiba nalo limezikwa pamoja nalo. Nilikuwa na tairi zima na sikuweza kulifikia. Jeki nayo, ile fupi ya chupa, kila nilipoipampu ilishuka yenyewe chini badala ya kupandisha gari juu. Tulichimba kwa mikono na sufuria ya chakula cha mchana mpaka giza likaingia. Waliotutoa ni vijana wa bodaboda waliokwenda kukata majani ya mikoma, wakayatandaza chini ya magurudumu, wakasukuma huku wanaimba. Gari lilipotoka nilisikia mlio mmoja, kama fimbo kavu inavunjwa.

Asubuhi nilimpelekea fundi wangu. Ni mzee, amezeeka na gereji yake, na ana mkeka mmoja wa miyaa ulioliwa pembe mbili na oili. Aliutandika, akaingia chini, kimya. Kisha akaomba bisibisi. Akaisukuma kwenye chesi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima, pale springi ya nyuma inaposhikiliwa, ikapita kama kisu kwenye papai.

"Njoo ulale hapa," akaniambia. "Miaka 11 unaendesha kitu hujawahi kukiona."

Nikalala. Ni kweli, sikuwa nimewahi. Juu nilikuwa nikiliosha na kulipaka rangi kila palipochubuka. Chini palikuwa pameoza.

Basi ikawa lazima kununua, na kwa mara ya kwanza maishani nikaamua kununua jipya. Shemeji alikuja barazani na makaratasi. Namshukuru, maana tarakimu zake zilikuwa sahihi, ingawa alizisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Hilux iliyoingia mfukoni mwangu ilikuwa ya dizeli, lita 2.4, nguvu za farasi 150, na nguvu ya msokoto nyutonimita 400. Ile ya lita 2.8, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2020 hutoa farasi 204 na nyutonimita 500 ikiwa na gia za otomatiki, ilinizidi. Niliitazama kama mtu anavyotazama nyumba za ufukweni. D-Max nayo ilikuwa na injini mbili: ya lita 1.9, farasi 150 na nyutonimita 350, na ya lita 3.0, farasi 190 na nyutonimita 450. Kwa bei nilizopewa mimi wiki ile, Hilux ya 2.4 na D-Max ya 3.0 zilikaribiana kiasi kwamba bei haikuweza kuniamulia.

Hebu tazama lakini zile mbili ndogo. Farasi 150 kwa 150, barazani watu walisema ni sare. Mimi mtu wa pampu sikuona sare hata kidogo. Farasi hukwambia kazi itakwisha upesi kiasi gani. Msokoto hukwambia kama kazi itaanza. Ukitaka kujua tofauti, shika mpini wa pampu ya mkono ya kisima kirefu: ile mara ya kwanza, nguzo nzima ya maji imekulalia mikononi, ndiyo msokoto. Kwenye mchanga, ukiwa umebeba, ukianza kutoka palepale uliposimama, kila unapoondoa mguu kwenye klachi ni ile mara ya kwanza. Ndiyo maana injini za dizeli za pikapu hizi hutengenezwa zitoe nguvu hiyo chini kabisa, kuanzia mizunguko 1,600 au 1,800 kwa dakika, kabla injini haijapiga kelele.

Kwa msokoto Hilux ya 2.4 iliishinda D-Max ya 1.9, lakini D-Max ya 3.0, ya bei ileile karibu, iliishinda Hilux. Shemeji hakukubali, akarukia tangi. Hilux lita 80, D-Max lita 76. Nikamwambia lita nne hazijawahi kunilaza njiani. Nikamrudishia kina cha maji: watengenezaji wa Hilux wanasema sentimita 70, wa D-Max wanasema 80. "Sentimita kumi ni nini?" akauliza. Nikaenda ndani nikachukua futi kamba, nikajipima mguuni mbele ya baraza nzima. Kumi zile kwangu zinaanzia katikati ya paja na kuishia karibu na nyonga. Watoto walicheka sana. Fundi, aliyekuwa amepita kuchukua pesa zake, ndiye aliyetuharibia mchezo wote: "Hivyo vipimo ni vya maji yaliyolala. Maji yanayokimbia hayasomi kitabu. Ya magotini tu yanalichukua gari."

Nilichoka na makaratasi. Nikatafuta watu wanaoyaendesha magari yenyewe kazini, si wikendi. Mmoja ni mjenzi anayepeleka saruji Marafa kwa Hilux. Mwingine ni mfanyabiashara wa mbuzi anayetoka Garsen na D-Max. Nikawaomba niwe utingo wao kwa siku moja moja, bila malipo, chakula juu yangu. Wote walidhani nimerukwa na akili, wote walikubali.

Siku ya Hilux tulitoka alfajiri na mifuko 12 ya saruji, kilo 600. Gari lilikwenda kwa heshima. Kurudi tukiwa watupu lilituchezesha kama punda aliyeumwa na nzi, na hili si la Hilux peke yake. D-Max tupu ilinifanyia vilevile kesho kutwa yake. Nyuma yote mawili yana springi za mabapa, zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, na usipozipa mzigo zinakudai mgongo wako. Anayenunua pikapu akitaka ikae kama gari la harusi atajilaumu mwenyewe.

Jambo jingine nililiona kwa yule mjenzi, na nikamwambia kwa adabu kwa kuwa ni mkubwa kwangu. Alitoka mchangani, akaingia lami ya Gongoni, akaenda nayo kwa kasi akiwa bado ameunganisha magurudumu yote manne. Pikapu hizi mbili hazina difu ya katikati, yaani zile gia zinazoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazidiane mwendo. Ukiunganisha mbele na nyuma, zinalazimika kuzunguka sawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwenye mchanga au tope tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu haina pa kumalizikia, inajikusanya ndani ya gia na shafti mpaka kitu kinyonge kuliko vyote kikate. Alinijibu, "Mbona miaka yote sijavunja kitu?" Nikanyamaza. Usukani ulikuwa mzito kwenye kila kona, yeye alidhani ndiyo nguvu.

Siku ya D-Max sikumbuki sana barabara, nakumbuka mbuzi. Ila nakumbuka mahali pamoja kwenye udongo mweusi ambapo gurudumu moja la nyuma lilibaki linazunguka bure na lingine limetulia kama linasikiliza hotuba. Mwenye gari akabonyeza kitufe cha kufunga difu ya nyuma, magurudumu yote mawili yakazunguka pamoja, tukatoka taratibu. Nilikumbuka laga yangu, nikasikia uchungu. Ukinunua gari la aina yoyote kati ya haya, uliza kitufe hicho kwenye toleo lenyewe unalolipia, maana kuna matoleo yanayokuja bila, na kwa nje yanafanana kama mayai.

Hata baada ya siku hizo mbili nilikuwa sijaamua. Nikamwambia fundi nampeleka Mombasa tukayaone madukani. Kilomita 120, nauli juu yangu. Alfajiri nilimkuta stendi amevaa shati lake la Idi, na kwapani ana mkeka.

Nisingeisahau siku hiyo hata ningetaka. Sakafu zile zinang'aa, viyoyozi vinavuma, kijana wa mauzo amevaa tai, na mzee wangu anatandika mkeka chini ya gari jipya kama anataka kuswali. Duka moja walituruhusu, hata wakaleta taa. Jingine kijana alisema gari jipya halina cha kutazamwa chini. Fundi akamjibu "sawa, mwanangu," akangoja aende kuchukua karatasi za bei, akatandika. Sitasema lipi ni lipi. Na msidhani nilinunua pale walipoturuhusu.

Nilishuka nikalala kando yake, na darasa likaanza. Alinionyesha chesi: zote mbili ni za ngazi, mihimili miwili mirefu na vipandio katikati, bodi imekaa juu yake. Alinionyesha matundu ya kutolea maji kwenye mihimili na akaniambia hapo ndipo gari la pwani linapokufia, yakiziba kwa tope lenye chumvi, kwa sababu kutu huanza ndani, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Alinionyesha kirija kidogo cha kupumulia difu. Difu ikiwa ya moto halafu ukaitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani hunywea, inavuta kinachoipata. Kirija kikiwa kifupi, kinachoipata ni maji. "Ukifungua oili ukaona rangi ya chai ya maziwa, ujue difu imekunywa," akasema. Alinionyesha mahali injini inapovutia hewa, akapima kwa shibiri kutoka sakafuni. Alinionyesha ndoano za kuvutia, akazitingisha moja moja kwa mkono. Na tairi la akiba, chini, nyuma, kwenye mnyororo. Kote kuwili. Tulitazamana tu.

Kwa mambo makubwa aliyaita mapacha. Tofauti alizozipa uzito ni za kifundi: mkono wake unafika wapi bila kufungua vitu vingine. Kwenye gari moja alifikia filta ya dizeli akasema "Alhamdulillahi". Kwenye lingine alitoa maneno ambayo si ya kuandika. Filta hiyo si jambo dogo kwetu. Injini hizi mpya husukuma dizeli kwa shinikizo kubwa sana kupitia nozo zenye vitundu vyembamba sana, na tone la maji au taka linaziua. Nikiwa Malindi natia mafuta kwenye kituo. Nikiwa huko ndani mara nyingine nanunua ya mitungi ya plastiki ya lita 20 dukani, na sijui imekaa wapi na nini. Uchanganyaji wa mafuta ya taa umepungua, maana mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji, lakini maji hayahitaji mchanganyaji. Yanajiingiza.

Kwenye basi la kurudi nikamuuliza waziwazi: mzee, lipi? Akanyamaza tukavuka daraja la Kilifi, kisha akasema, "Mimi nimekulia kwenye malori ya Isuzu. Naisikia injini yake hata nikiwa nimelala. Hilux ni gari zuri, lakini nikilifungua nitakuwa nafikiri. Hili lingine sitafikiri."

Mtu wa karatasi angesema hiyo si sababu. Kwangu ndiyo ilikuwa sababu. Gari hili likinifia Adu, atakayekuja kwa bodaboda na mfuko wa spana ni huyu mzee, si kijana mwenye tai. Injini ya 3.0 ya D-Max inatokana na ile ya lita 3.0 iliyoitangulia, ambayo mikono yake inaifahamu tayari, na gari lenyewe huunganishwa Nairobi, kwenye kiwanda ambacho kilikuwa cha General Motors hadi mwaka 2017. Nasema wazi: kama fundi wangu angekuwa mtu wa Toyota, leo ningekuwa naendesha Hilux na ningekuwa nimeridhika vilevile.

Shemeji alibaki na hoja moja, na ni hoja nzito: ukiuza Hilux, hukosi mnunuzi. Ni kweli, sikubisha. Nikamuuliza tu, mimi nimeuza magari mangapi maishani? Hakuna. Pikapu ya zamani niliiendesha hadi bisibisi ikapita. Bei ya kuuzia ni faida ya anayeuza, na mimi ni mtu wa kulifuata gari hadi kaburini. Alinuna wiki nzima. Mke wangu alimpelekea biriani, akanyamaza.

Mke wangu ndiye aliyeamua milango. Mimi nilitaka ya kabini moja, bodi refu, mabomba yakae vizuri. Aliniuliza vijana wangu wanakaa wapi mvua ikinyesha, na nani analinda spana zikiwa bodini nikisimama kunywa chai Gongoni. Sikuwa na jibu. (Alikuwa pia na harusi ya binamu yake Lamu akilini, ingawa gari linaishia Mokowe na yaliyobaki ni ya boti.) Tukachukua ya milango minne, na mabomba yakapanda juu kwenye keria ya chuma.

Lakini hapo nilikaa na kalamu, na wewe kaa nayo. Ile karibu tani moja inayotajwa kwenye pikapu si ya bodini peke yake. Watu wamo. Sisi watatu ni kilo 230. Keria ilikuwa 80. Ngao ya mbele na winchi, ambavyo nilivitamani kwa sababu vinapendeza, vingekuwa 70 nyingine, na zote zingekaa mbele ya tairi za mbele. Ukijumlisha hivyo, kabla sijapakia pampu hata moja nimeshatumia kilo 380. Ngao na winchi nikaviacha. Nilinunua kamba nene ya kuvutia, koleo, na mbao mbili.

Ya benki nayapitisha haraka, hayana utamu. Buku la gari limeandikwa jina langu na la benki pamoja, bima kubwa ni lazima, na marejesho niliyapima kwa visima: nikitengeneza viwili kwa mwezi nimelipa, cha tatu ndicho chakula. Mwezi wa Ramadhani niliumia. Kama huwezi kupima mkopo wako kwa kazi ya mikono yako, ukaupima kwa matumaini, ngoja kwanza.

Gari lilipofika sikulipeleka popote siku tatu. Lilikuja na tairi za lami, nzuri kwa Mombasa na za aibu kwa Marafa. Nilikuwa nimetenga pesa za tairi za AT, yaani za lami na za porini pia, tangu mwanzo, nikazibadilisha. Tairi la akiba nililitoa chini nikalifunga bodini kwa bolti, nyuma ya kabini. Linanila nafasi, na kila mtu ananiuliza kwa nini. Kwa jeki nimekata kipande cha mbao ngumu cha mraba wa futi moja, nacho ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonacho. Mchangani nashusha presha kutoka psi 35 hadi 20, tairi linatandaza mguu kama wa ngamia, nikirudi lami najaza kwa pampu ndogo ya betri. Mara ya kwanza kijana wangu mmoja alidhani tumetobolewa pande zote nne, akaanza kusoma dua.

Kazi inayonichosha ni kuosha chini. Kila nikitoka Kurawa lazima nisafishe chesi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na hapa ndipo Malindi inapomcheka mtu: maji ya kisima changu nyumbani yenyewe ni ya chumvi. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa naondoa chumvi kwa chumvi kabla sijazinduka. Sasa nimeweka tangi la maji ya mvua kutoka paani, nalo halitumiki kwa kitu kingine, hata mke wangu akiomba la kufulia. Watu wengi hapa hupuliza oili chafu chini ya gari. Inazuia kutu, sikatai, lakini inakula mipira, na vumbi la Magarini linaganda juu yake hadi huoni bolti iko wapi. Fundi haitaki. Yeye hupaka dawa ya nta ndani ya mihimili, kupitia yale yale matundu, mara moja kwa mwaka.

Ikabaki ile pikapu kuukuu. Ilikaa chini ya mwarobaini miezi minane, kuku wakitagia bodini, mpaka akaja kijana mmoja wa Watamu anayetaka kubebea makuti. Aliizunguka mara mbili. Akapiga tairi teke. Akaingia, akawasha, akasikiliza, akafungua redio, redio ikaimba. Akatoa pesa mfukoni akaanza kuhesabu.

Nikamwambia ngoja kidogo. Nikaingia ndani, nikatoka na mkeka, nikautandika chini ya bodi, upande wa springi ya kulia, na bisibisi nikaiweka juu yake.

Alinitazama, akatazama shati lake jeupe, akalala.

Alipotoka alipunguza shilingi elfu 60.